Bandu Bandu Huisha Gogo: Hirimu na Safari ya Kupunguza Uzito katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Methali mbili za Kiswahili zinaeleza kwa muhtasari jinsi mwili wa binadamu unavyoongezeka na unavyopungua. Haba na haba hujaza kibaba ndiyo habari ya uzito unavyoingia: kijiko cha sukari leo, hamri la ziada kesho, na mwendo wa miguu uliogeuzwa kuwa wa bodaboda kesho kutwa. Bandu bandu huisha gogo ndiyo habari ya uzito unavyotoka. Hata hivyo, lipo jambo ambalo methali hizi hazikulitaja. Anayelibandua gogo peke yake, huku kila apitaye akimwuliza ana maradhi gani, huliweka shoka chini kabla gogo halijaisha.

Makala haya yanaeleza namna kijana wa Kaunti ya Kwale, hususan maeneo ya Ukunda, Diani na Msambweni, anavyoweza kuianza safari ya kupunguza uzito akishirikiana na hirimu zake, yaani watu wa rika lake. Hoja kuu ni kwamba kikwazo cha kwanza si kutojua chakula kilicho bora. Kikwazo cha kwanza ni lugha: jinsi jamii inavyousoma na kuutaja mwili unaopungua. Kwa sababu hiyo, msaada mkubwa wa hirimu ni kumpa mwenzao hadhira nyingine, inayousoma mwili huo kwa maana tofauti.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mnamo mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila watu 8 duniani alikuwa na unene wa kupindukia, hali ambayo baadhi ya waandishi wa Kiswahili huiita utipwatipwa. Kenya nayo haikusalimika. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2008-09 ulionyesha kuwa asilimia 25 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Utafiti kama huo wa mwaka 2014 uliikuta idadi hiyo imefikia asilimia 33. Mwaka 2015, utafiti mwingine wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulibainisha kuwa takriban asilimia 94 ya Wakenya watu wazima hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa.

Kipimo kinachotumika sana ni uzito wa mtu kwa kilo, ukigawanywa kwa mraba wa kimo chake kwa mita. Jawabu likiwa baina ya 18.5 na 24.9, uzito ni wa kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa mfano, kijana mwenye kimo cha mita 1.60 na uzito wa kilo 77 hupata 30. Ili awe chini ya 25 itambidi ashuke hadi chini ya kilo 64, jambo ambalo huweza kumkatisha tamaa kabla hajaanza.

Lakini si lazima afike huko ndipo apate nafuu. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwawekea washiriki shabaha ya kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao, pamoja na kutembea au kufanya mazoezi kama hayo kwa dakika 150 kila wiki. Kundi hilo lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa kijana wa kilo 77, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi. Huo ndio ubandu wa kwanza wa gogo, na unafikika.

Lugha ya mwili pwani

Mwanafunzi wa Kiswahili atakayekusanya msamiati wa mwili atagundua haraka kwamba maneno hayakugawanywa kwa usawa. Kunawiri, kujaa na kustawi ni maneno ya sifa. Kukonda, kudhoofu na kusinyaa ni maneno ya masikitiko. Aliyekonda hufananishwa na ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani, au huitwa kimbaombao. Katika jamii iliyowahi kuonja njaa, mwili uliojaa ulikuwa ushahidi kwamba nyumba ina chakula na moyo una amani.

Historia ya karibuni ilikazia maana hiyo. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, kukonda kulikuwa miongoni mwa dalili zake zilizoonekana wazi zaidi, kiasi kwamba nchini Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha hali hiyo, ila tafsiri ya macho ya watu haijabadilika kwa kasi ileile. Mpaka leo, kijana aliyepungua kilo 6 kwa hiari yake huweza kunong'onezwa kama mgonjwa.

Tuseme msichana anayefanya kazi Ukunda anarejea Msambweni mwisho wa mwezi. Anamwamkia bibi yake shikamoo, na kabla hajaketi anaulizwa: "Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivi? Huko mjini huli?" Sahani ya wali wa nazi inayofuata ni ya mapenzi, na kuikataa ni kuyakataa mapenzi hayo. Bibi hana kosa. Anausoma mwili kwa kamusi aliyorithi.

Upande wa pili, vijana wenzake humwita bonge au tipwatipwa kwa mzaha. Hivyo kijana hunaswa kati ya lugha mbili: ya wazee inayomwonea huruma akipungua, na ya mtaani inayomcheka asipopungua. Wengi huamua kujificha. Huacha kwenda baharini, huacha kupigwa picha, na huanza kujinyima chakula kwa siri. Siri hiyo haidumu, na ikishindikana hakuna wa kumwinua.

Kwa nini hirimu?

Kushirikiana na wenzi si jambo geni katika utamaduni wa Waswahili. Neno kikoa hutaja desturi ya watu kula pamoja kwa zamu au kwa mchango wa kila mmoja. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, ambavyo pamoja na ngoma vilikuwa vyama vya kusaidiana katika shida na raha. Siku hizi ni vigumu kumpata mwanamke wa Ukunda asiyejua chama cha mzunguko. Kanuni ya taasisi zote hizi ni moja: mtu hutimiza ahadi kwa kuwa wapo wanaomngoja.

Kanuni hiyohiyo ilitumika kwingineko kuhusu uzito. Mwaka 1961, mama wa nyumbani wa New York aitwaye Jean Nidetch alichoka kupambana peke yake, akawaalika rafiki zake nyumbani ili kila mmoja aeleze udhaifu wake bila kuchekwa. Kutokana na vikao hivyo ilizaliwa kampuni ya Weight Watchers mwaka 1963.

Wanasayansi nao walilipima jambo hili. Katika utafiti wa Rena Wing na Robert Jeffery uliochapishwa mwaka 1999, asilimia 76 ya waliojiunga na mafunzo ya kupunguza uzito wakiwa peke yao waliyamaliza, na asilimia 24 tu hawakurudisha uzito walioupoteza katika miezi iliyofuata. Miongoni mwa waliojiunga pamoja na rafiki zao na kufundishwa kusaidiana, waliomaliza walikuwa asilimia 95, na asilimia 66 hawakuurudisha uzito huo.

Aidha, urafiki ni upanga wenye makali pande mbili. Nicholas Christakis na James Fowler walichunguza kumbukumbu za miaka 32 za watu 12,067 nchini Marekani. Mwaka 2007 walieleza kuwa mtu ambaye rafiki yake alinenepa kupindukia alikuwa na uwezekano wa asilimia 57 zaidi wa kunenepa vilevile. Kumbe hirimu hao hao wanaokaa pamoja jioni wakila viazi karai na soda ndio wanaoweza, wakikubaliana, kuinuka pamoja wakatembea.

Namna ya kuanza

Kwanza, kikundi kiwe kidogo. Watu 4 hadi 6 wanaoaminiana wanatosha, kwani wakizidi, asiyekuja hakumbukwi. Wakutane mara moja kwa wiki, siku na saa maalumu, na kila mmoja apimwe faraghani kwa mizani ileile. Si lazima kutangaza kilo. Inatosha kusema kama umepungua, umebaki palepale au umeongezeka. Kupungua kwa nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki ni mwendo salama kwa watu wengi.

Pili, kikundi kikubaliane juu ya maneno. Hapa wanafunzi wa lugha wana la kuchangia. Kukonda ni jambo linalompata mtu, ilhali kupungua na kujipunguza vinaweza kubeba nia ya mtendaji. Kijana anayemjibu bibi yake, "Sikukonda, bibi, najipunguza ili nisije nikapata sukari," amehamisha maana kutoka kwenye msiba hadi kwenye uamuzi. Jibu hilo huwa jepesi zaidi kulitamka kwa mtu aliyekwisha kulizoea mbele ya wenzake. Vilevile majina kama bonge yapigwe marufuku ndani ya kikundi, hata kwa jina la utani.

Tatu, mwendo. Pwani ya Diani ina uwanja wa mazoezi usiotozwa ada, nao ni mchanga mgumu unaoachwa wazi maji yakipwa. Ila bahari haifuati saa ya ukutani. Wakati wa maji kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo kikundi kitumie kalenda ya maji au kimwulize mvuvi, na siku za maji kujaa kitumie barabara. Kutoka Ukunda hadi ufuoni ni mwendo wa miguu usiofika saa nzima, lakini bodaboda na tuktuk zimewasahaulisha wengi jambo hilo. Dakika 30 kwa siku 5 za wiki hutimiza zile dakika 150. Kwa wasichana, kutembea wakiwa kundi la wanawake watupu baada ya swala ya alfajiri, kukishapambazuka, huwapa usalama na stara kwa pamoja.

Nne, chakula. Haihitajiki kununua vyakula vya kigeni. Kijiko kidogo cha sukari kina takriban gramu 4. Anayekunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko 3, amekula gramu 36, na soda ya mililita 300 humwongezea gramu 30 na zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Wadigo wana mchunga, mboga chungu inayoliwa kwa sima, na bahari ina samaki wa kuchoma. Mbaazi zinaweza kupikwa kwa tui jepesi badala ya tui zito. Mihogo ya kuchemsha haina mafuta ya mihogo ya kukaanga. Panapoliwa kwa sinia, kila mmoja ajipakulie sehemu yake kwanza, kwani mkono unaorudi siniani hauhesabu.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake. Mwenye kufunga mchana kutwa huweza kuongezeka badala ya kupungua, endapo futari itakuwa ya kaimati, tambi za sukari na viazi vya nazi kila siku. Hirimu wanaweza kuafikiana mapema: tende na maji kwanza, kisha swala, kisha chakula cha kiasi, na matembezi mafupi baada ya tarawehe.

Tahadhari

Kikundi si hospitali. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, selimundu, ujauzito au anayetumia dawa za kila siku amwone kwanza mhudumu wa afya katika zahanati iliyo karibu au katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni. Dawa za kupunguza uzito zinazouzwa kiholela, pamoja na mitishamba isiyojulikana viambato vyake, ziepukwe. Hali kadhalika, ushindani wa nani amepungua zaidi ni sumu, kwani humsukuma aliye nyuma kujinyima chakula au kujitapisha. Mwenzi akionekana anapungua kupita kiasi, anaficha chakula au anauchukia mwili wake, hirimu wawe wa kwanza kumpeleka kwa daktari. Ikumbukwe pia kwamba si kila mnene ana maradhi wala si kila mwembamba ana siha. Shabaha ni afya. Wembamba peke yake si shabaha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uzito una upande wa kilo na upande wa maneno. Upande wa kilo una kanuni zinazojulikana: sukari kidogo, mafuta kidogo, mwendo wa kila siku na subira. Upande wa maneno ndio unaowarudisha nyuma vijana wengi wa pwani ya kusini, kwa kuwa kila kilo inayotoka huzaa swali. Hirimu wanne wanaokutana Diani maji yakipwa hawawezi kulizuia swali hilo lisiulizwe. Wanachoweza ni kumhakikishia mwenzao kwamba atakapoulizwa Jumamosi na bibi yake, Jumapili asubuhi wapo watu wanaolijua jawabu, na wanamngoja ufuoni.