Nane Iliyolala Si Dawa ya Ukungu

Swali ni lile lile, hubadilika sauti tu: "Kaka, nilipanda hadi Ziwa Ngozi, kamera ikagoma kufokasi kwenye ukungu. Nimeambiwa nihamie MF, yaani fokasi ya mkono, nizungushe lenzi hadi ile nane iliyolala, nisiiguse tena. Ndiyo dawa?"

Siyo. Nimelijibu kwa upole vya kutosha.

Kamera haikugoma. Otofokasi hutafuta mistari: ukingo wa jani, kola ya shati, pale cheusi kinapopakana na cheupe. Ukiielekeza kwenye ukungu mtupu inakosa cha kushika, mota inakwenda mbele na nyuma ikipapasa. Kuhamia fokasi ya mkono hakuufukuzi ukungu. Matone ya maji hutawanya mwanga kabla haujafika kwenye lenzi, na kazi ya fokasi ni kuchagua umbali, basi. Ng'ambo ya ziwa usiyoiona kwa macho, lenzi nayo haitaiona, hata izungushwe na nani.

Sasa hiyo nane, alama ya umbali usio na mwisho (∞). Umaarufu wake unatokana na lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera. Ukiwa kwenye mm 18, apecha f/8, ukafokasi mbali kabisa, kila kitu kuanzia kama mita 2 kinatoka vizuri. Mtu anapiga mashamba ya chai ya Katumba, picha inang'aa, anatangaza kwamba kapata siri ya mafundi. Kisha anaitwa harusini. Anafunga lenzi ya mm 50, anaifungua hadi f/1.8 kwa kuwa ukumbi una giza, na nane yake iko pale pale. Kwa mpangilio huo, kwenye kamera ile ile, ukali unaanzia karibu mita 70. Bibi harusi yuko mita 3. Hata ukuta wa nyuma wa ukumbi haumo! Halafu lawama anatupiwa muuza lenzi.

Na hilo la "zungusha mpaka mwisho" ndilo baya zaidi. Lenzi nyingi za otofokasi zimetengenezwa zipite nane kidogo, kwa sababu mota inahitaji nafasi ya kupitiliza na kurudi, na joto au baridi huihamisha fokasi. Ukigonga mwisho umeshapitiliza. Mlima Rungwe wenyewe unatoka na blaa. Nyingine hazina alama wala mwisho, pete inazunguka tu. Sijui wenye lenzi hizo huwa wanaelekezwa wazungushe hadi wapi.

Mkono una kazi yake, kwa mfano ukimpiga picha kipunji. Kima huyu wa misitu ya Rungwe na Udzungwa alitangazwa katika jarida la Science mwaka 2005, na kielelezo chake rasmi kilikuwa picha, maana mwili haukuwepo. Mwili ulipopatikana kwenye mtego wa mkulima hapo Rungwe, mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Kima wa aina hiyo hukaa juu mitini, nyuma ya matawi, na otofokasi hupenda kudaka jani lililo karibu. Hapo weka nukta moja ya fokasi, ipenyeze kati ya majani, kisha malizia kwa pete.

Mengine ni mepesi. Kwenye ukungu, fokasi kwenye shina la mti au koti la mwenzako aliye umbali ule ule na unachotaka kupiga, bonyeza shata nusu, shikilia, geuza kamera, piga. Ukitumia tripodi, kuza picha kwenye kioo cha nyuma, rekebisha kwa mkono, na usiguse zumu tena. Wachuma chai mikono yao haitulii: tumia AF-C, otofokasi inayofuatilia mwendo, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/250. Harusini tumia otofokasi ya macho kama kamera yako inayo. Kwenye simu, gusa uso wa mtu na ushikilie kidole hadi fokasi ijifunge. Na ukitoka kwenye baridi ya Isongole kuingia chumba chenye jiko la mkaa, iache kamera kwanza ndani ya mkoba uliofungwa. Lenzi iliyoshika umande haifokasi kwa mota wala kwa mkono.