Neno Moja Linaloilinda Anwani Yako ya Barua Pepe

Katika Karatu na Ngorongoro familia nyingi huishi kwa utalii: waongoza watalii, madereva, wapishi wa kambi na wahudumu wa hoteli. Kijana atafutaye kazi hiyo huiacha anwani yake ya barua pepe katika tovuti nyingi. Baadaye sanduku lake hujaa barua taka, na ile barua moja ya kumwita kwenye usaili hupotea katikati yake. Baya zaidi, wapo matapeli wanaoahidi ajira kwa sharti la kutanguliza ada.

Ipo kinga isiyo na gharama. Huduma za Gmail na Outlook huruhusu kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya alama ya @. Mathalani, mwenye anwani jina@gmail.com aweza kuandika jina+ajira@gmail.com katika tovuti ya ajira, na jina+benki@gmail.com katika benki. Barua zote zitafika katika sanduku lilelile, pasipo kufungua akaunti mpya.

Faida zake ni tatu. Kwanza, waweza kuweka kichujio kinachotenga barua kwa kila neno. Pili, tangazo usiloliomba likija kwa neno ulilompa mmoja tu, utajua anwani yako ilivujia wapi. Tatu, barua inayodai kutoka benki ikija kwa neno “ajira”, itilie shaka, kwa maana benki haikupewa neno hilo.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Baadhi ya tovuti huikataa alama ya kujumlisha, na tapeli mjanja aweza kulifuta neno. Basi neno sahihi peke yake lisitufanye tutume fedha wala nywila.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Neno ulilolitenga laweza kuwa mwanzo wa ushahidi wako.

Nasi tunaotunza orodha za wanajumuiya na wanakwaya tukumbuke: anwani ya mtu ni amana. Tusiigawe kwa yeyote bila ridhaa ya mwenyewe.