Mbao za Njombe zavishwa kitambaa, seremala aongeza kipato

MALORI yaliyosheheni mbao za misonobari huteremka kutoka Njombe hadi Makambako, yakashika barabara kuu ya Tanzania na Zambia kuelekea Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya faida ya kuzigeuza mbao hizo kuwa samani hubaki huko zinakokwenda.

Ipo bidhaa moja isiyohitaji mashine kubwa wala mtaji wa kutisha. Ni pelmeti, yaani boksi la mbao linalokaa juu ya dirisha kuficha fimbo ya pazia, likavishwa kitambaa kinacholingana na pazia lenyewe. Vifaa vyake ni msumeno, randa, nyundo, mkasi na stepla ya kupigia pini.

Kwa Dar es Salaam pelmeti ni pambo tu. Njombe, ambako baridi ya Juni hadi Agosti haina mzaha, ina kazi ya ziada. Hewa yenye joto hupanda juu, hupenya nyuma ya pazia, hupoa inapogusa kioo na kushuka sakafuni ikiwa baridi. Boksi lenye kifuniko juu hupunguza mzunguko huo. Hoja hiyo fundi anaweza kumweleza mteja bila kumdanganya.

Chukua dirisha la futi nne. Ubao wa mbele huwa na inchi 56, ili uzidi dirisha kwa inchi nne kila upande, na mikono miwili ya pembeni ni inchi tano kila mmoja. Jumla ni inchi 66. Kwa hiyo ubao mmoja wa inchi moja kwa nane, wenye futi 12, hutoa mbele na mikono ya pelmeti mbili, na ubao wa inchi moja kwa sita hutoa vifuniko viwili. Dirisha likiwa la futi tano hesabu hiyo inavunjika, na bei lazima ipande.

Wengi huharibikiwa kwenye ukaushaji. Mbao mbichi ya msonobari ina maji mengi, na ukungu wa Njombe haisaidii kuikausha. Ikivishwa kabla ya kukauka, hupinda, utomvu hutokeza madoa kwenye kitambaa, na pini hushika kutu. Mbao zipangwe chini ya paa, zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, kwa wiki kadhaa. Anayekosa subira hiyo atarudishiwa kazi yake.

Kitambaa nacho kina hesabu zake. Pelmeti ya futi nne huhitaji kipande cha inchi 72 kwa 16, pamoja na pa kukunjia. Mita mbili za kitambaa chenye upana wa inchi 60 hutoa vipande vitatu, mradi kikatwe kufuata urefu wake. Lakini kama kina maua yaliyosimama, ukikikata hivyo maua yatalala ubavu, na hakuna mteja atakayeyapenda. Hapo hukatwa kufuata upana na kuungwa kwenye kona, si katikati ambako mshono huonekana kutoka mlangoni.

Kabla ya kuvisha, sponji ya nusu inchi hubandikwa kwa gundi mbele na pembeni. Kitambaa hutandazwa juu yake, na pini ya kwanza hupigwa katikati, kisha fundi huvuta akielekea kila mwisho. Anayeanzia pembeni humaliza na makunyanzi. Ukingo wa chini hukunjwa kuingia ndani ili mbao isionekane.

Soko lipo karibu. Makambako, mji wa njia panda wenye stesheni ya TAZARA, una nyumba za wageni ambazo vyumba vyake mara nyingi vina madirisha ya kipimo kimoja. Oda ya vyumba kumi humwezesha fundi kukata mbao zote kwa mkupuo. Seremala asiyejua vitambaa ni heri ashirikiane na fundi cherehani anayeshona mapazia ya nyumba hiyo hiyo.

Bei ijumuishe mbao, kitambaa, sponji, gundi, pini, nauli na siku ya kufunga ukutani, ambayo wengi huisahau. Malipo ya awali yatoshe angalau kununua kitambaa, kwa sababu rangi aliyoichagua mteja mmoja si rahisi kumuuzia mwingine.