Kazi za Mikono Katika Visiwa vya Lamu

Barabara itokayo Mombasa na kupita Garsen huishia Mokowe, ukingoni mwa bahari. Hapo abiria hushusha mizigo yao na kuingia mashuani, kwani kutoka hapo njia ni maji. Mtu atakaye kujua wenyeji wa visiwa vya Lamu wapataje riziki hana budi kwenda kwa chombo, kijiji hata kijiji, akimwuliza kila mmoja habari za kazi yake. Atakapomaliza safari ataona kwamba kazi hizo zimeshikamana kama mbao za jahazi: ubao mmoja ukilegea, chombo chote huingia maji.

Safari na ianzie Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Kijiji hiki kina sifa ya uundaji wa majahazi na mashua. Fundi wa huko hana ramani ya karatasi. Vipimo vyote vimo katika jicho na mkono wake. Kwanza huulaza mkuku, kisha husimamisha mataruma, ambayo huchaguliwa katika miti iliyopinda yenyewe tangu ilipoota. Zana zake ni tezo, msumeno, nyundo na keekee. Nafasi kati ya mbao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na kazi hiyo huitwa kalafati. Kijana ajifunzaye aghalabu huanza kwa kushika na kubeba, na miaka hupita kabla hajaaminiwa kuchonga ubao.

Fundi huyo humtegemea mkata mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika eneo la Lamu. Wakataji huingia vijitoni maji yakijaa, hukata boriti na kuzihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Boriti hizo ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za mji wa Lamu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake haukuweza kuupita urefu wa boriti. Mawe na chokaa vilivushwa kutoka kisiwa cha Manda, na kutoka pwani hadi mlangoni mchukuzi alikuwa punda. Hata leo punda ana heshima yake: tangu mwaka 1987 wanyama hao wana hospitali yao mjini.

Mbele zaidi, katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifiwa katika karne ya 19 kwa mafundi wa ngozi, wachonga milango na wanakili wa Kurani. Kizingitini, upande wa kaskazini, ni bandari ya wavuvi wa samaki na kamba mawe.

Wavuvi hao wamepata mtihani. Bandari mpya ilijengwa Kililana, na gati lake la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Wengi walikuwa wakivua kwa vyombo vidogo ndani ya mikondo iliyochimbwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Lakini fedha huisha. Mvuvi aliyesukumwa bahari kuu ahitaji chombo kikubwa, na chombo kikubwa chahitaji fundi na miti. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakata mikoko wakaweka mashoka chini. Hivyo dhiki ya mmoja ikawa dhiki ya wote.

Hata hivyo mafundi hawakukaa bure. Katika mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Lamu jahazi lenye urefu wa mita 9, kwa takataka za plastiki, zikiwamo ndara zilizookotwa pwani. Plastiki iliyeyushwa, ikafanywa mbao na mataruma, kisha ikachongwa kwa ustadi ule ule wa mababu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 chombo hicho, Flipflopi, kilisafiri hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mti waweza kukosekana na kitu kingine kikashika mahali pake. Lakini mkono uliofunzwa ukikosekana, hakuna kitu kitakachoshika mahali pake. Kwa hiyo kila kijana wa Matondoni ashikaye tezo karibu na mzee wake anashika riziki ya visiwa vyote.