Askari wa Kiazteki na Haki ya Rangi Zake

KATIKA miji mingi ya Ulaya na Marekani wako watu ambao, wamalizapo kazi zao za mchana, huketi chini ya taa wakapaka rangi visanamu vidogo vya askari wa zamani. Baadhi ya visanamu hivyo ni vya kichwa na mabega tu, na kimo chake hakifikii shibiri. Mmoja katika wanaopendwa sana na mafundi hao ni askari wa Kiazteki: uso wake umechomoza katika kinywa kilicho wazi cha chui au tai, manyoya marefu yamesimama nyuma ya kichwa, na kipini cha jiwe kimepenya mdomo wake wa chini.

Ama hukumu ya sanamu, hiyo ina wanavyuoni wake, nami sitii mkono wangu hapo. Ninalotaka kulizungumza leo ni jambo jingine. Mtu anaposhika brashi akauvika rangi uso wa watu walioshindwa vitani miaka mia tano iliyopita, rangi hizo huzitoa wapi? Je, hutia apendavyo, au kuna haki ya wenyewe inayompasa kuitimiza?

Kwanza tuwajue wenyewe. Kwa hesabu iliyo mashuhuri, Waazteki waliuanzisha mji wao wa Tenochtitlan mwaka 1325 juu ya kisiwa kilichokuwa katikati ya ziwa, mahali ulipo leo mji mkuu wa Meksiko. Mahindi haya tunayosongea ugali asili yake ni nchi hizo. Tarehe 13 Agosti 1521 mji huo uliangukia mikononi mwa Hernán Cortés na Wahispania wake, wakisaidiwa na maelfu ya wenyeji wa Tlaxcala waliokuwa maadui wa Waazteki. Baada ya hapo vitabu vyao vingi viliteketezwa, na habari zao zikawa zasimuliwa na aliyewashinda. Na mshindi, kama ijulikanavyo, hamsifu aliyemshinda ila kwa kutaka kujisifu mwenyewe.

Walakini si vyote vilivyopotea. Huko Oxford, Uingereza, katika maktaba ya Bodleian, kimehifadhiwa tangu mwaka 1659 kitabu kiitwacho Codex Mendoza, ambacho wenyeji wa Meksiko walikichora kiasi cha mwaka 1541, miaka ishirini tu baada ya vita. Katika ukurasa mmoja askari wamepangwa kwa daraja zao, kila mmoja amemshika mateka wake kwa nywele. Aliyekamata mateka mmoja alitunukiwa shuka yenye maua. Aliyekamata wawili alivaa vazi la kubana mwili na kofia ndefu iliyochongoka. Aliyekamata watatu alibeba mgongoni alama ya kipepeo. Aliyekamata wanne ndiye aliyestahiki vazi la chui. Juu ya hao wamo wa vazi la kijani, kisha wa vazi la manjano, wale walioapa kutorudi nyuma hata hatua moja. Hata nywele zilikuwa na maneno yake: kijana alifuga shungi kisogoni, wala halikukatwa mpaka akamate mateka wake wa kwanza.

Basi vazi lilikuwa daftari. Na hesabu iliyoandikwa humo ni ya roho za watu, maana mateka hao aghalabu walipandishwa juu ya hekalu wakachinjwa kafara. Jambo hili halifichiki wala halipambiki. Lakini askari huyo hakuwa hayawani wa mwituni kama afanywavyo katika filamu. Alikuwa mtu wa dola yenye sheria, mahakama, masoko na vyuo vya vijana. Anayempaka rangi ana mitego miwili mbele yake: kumfanya shetani, au kumfanya malaika. Amkwepe yule na huyu, ampake mtu.

Hebu sasa tuitazame kazi yenyewe. Kisanamu hicho humiminwa katika kalibu kwa plastiki ngumu. Fundi hukiosha kwanza kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kwani mafuta ya kalibu hukataa rangi. Kisha husugua kwa msasa mwembamba mishono iliyoachwa na kalibu, akaziba matundu, akatia rangi ya msingi. Wengi hupuliza nyeusi kwanza, halafu nyeupe kutoka juu, ili waone mwanga ungeangukia wapi na kivuli kingekaa wapi. Baada ya hapo rangi hutiwa nyembamba mno, mfano wa maziwa yaliyozidishwa maji, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingojewa kukauka. Mwenye haraka haiwezi kazi hii.

Uso ndio mtihani wa kwanza. Picha za sinema zimewazoesha watu kuwapaka wenyeji wa Amerika wekundu kama matofali. Si hivyo. Ngozi yao ni ya maji ya kunde, iliyochanganyika kahawia, manjano na wekundu kidogo. Na kivuli cha uso hakitaki rangi nyeusi, hutaka zambarau au kijani iliyokolea, ama sivyo uso huonekana umepakwa masizi. Kijana aliyerudi na mateka wake wa kwanza alipakwa usoni udongo mwekundu, na manjano penye vipanda vya uso. Fundi ajuaye hayo hafanyi alama za kubuni.

Mtihani wa pili ni vazi. Wengi hulipaka vazi la chui kama ngozi ya mnyama, nywele moja moja. Lakini vazi la askari lilikuwa nguo iliyoshonewa manyoya ya ndege, na katika kurasa za ushuru za kitabu kile cha Oxford mavazi ya vita yamechorwa ya buluu, ya manjano na mekundu. Kwa hivyo chui wa rangi ya samawati, atakayechekwa na asiyejua, huenda akawa ndiye wa haki kuliko yule wa manjano wa bustani ya wanyama.

Mtihani wa tatu ni tamaa ya dhahabu. Wahispania waliitamani dhahabu, na mafundi wa leo huimwaga kila mahali. Wenyewe walithamini zaidi kijani: jiwe la kijani, na manyoya marefu ya ndege ketzali. Taji la manyoya hayo limo Austria tangu karne ya 16, na leo liko katika jumba la makumbusho mjini Vienna. Rangi ya unyoya ule haimo ndani yake kama wino katika nguo. Hutokana na jinsi mwanga unavyocheza juu yake, mara kijani, mara buluu. Brashi huigiza mchezo huo kwa kuanza na kijani iliyokolea, kisha buluu nyepesi, na ncha zikaguswa manjano kidogo.

Na nyekundu? Waazteki waliitoa kwa wadudu wadogo waishio juu ya mpungate, nayo waliiita damu ya tunda la mpungate. Ni nyekundu inayoelekea zambarau, si ya kuelekea chungwa. Habari za rangi hizi na nyinginezo zimo katika kitabu kikubwa cha juzuu 12 alichokikusanya padri Bernardino de Sahagún pamoja na wenyeji wasomi, kwa Kinahuatl na Kihispania, kikamalizika kiasi cha mwaka 1577. Sasa kipo Florence, Italia.

Katika lugha hiyo ya Kinahuatl, elimu na maandishi huitwa kwa msemo mmoja: wino mweusi, wino mwekundu. Kwao, kuchora na kuandika ilikuwa kazi moja, na aliyeshika rangi alikuwa ameshika ilimu. Kisha mwaka 1576, kazi ya kitabu cha Sahagún ikiendelea, maradhi makubwa yaliingia Meksiko yakaua watu wengi mno. Ukifungua juzuu ya mwisho, inayosimulia kuanguka kwa Tenochtitlan, utaona picha nyingi zimebaki mistari mitupu. Askari wamo, ngao zimo, moto umo, rangi hazimo.

Hii ndiyo sababu nasema kazi ya kisanamu hiki si mchezo wa mapumziko tu. Anayeipaka ngao nyekundu bila ya kuuliza amemsemea maiti neno asilolisema. Naye aliyefungua vitabu vya wenyewe, akahesabu mateka, akajua ni vazi gani la nani, amemrudishia mtu daraja yake, pamoja na dhambi zake. Msomaji utakapokutana na kichwa kama hicho dukani au katika picha, usiulize kwanza kama kimependeza. Uliza rangi zake zimetoka kwa nani.