Kuambiwa "Vumilia" Si Tiba

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa gredi ya nne hapa Kitengela alimwagikiwa na maji ya moto mkononi. Kwa kuwa mamaye alikuwa kibaruani, ni mimi niliyepanda naye matatu, tukapitia Isinya hadi hospitali moja ya Kajiado ili abadilishiwe bandeji. Muuguzi alipoanza kuibandua, mtoto alipiga ukemi. Nami, kwa haya ya kutazamwa na watu, nikamkemea: "Vumilia! Mwanamume halii."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika kaunti hii yetu, ambako kijana wa Kimaasai atahiriwapo hutarajiwa asipepese hata ukope, twauenzi mno uvumilivu. Lakini ujasiri wa jandoni huandaliwa kwa muda mrefu, na mwisho wake ni heshima. Mtoto aliyeungua hakuandaliwa na yeyote, na kidonda chake kitasafishwa tena na tena.

Wapo wanasayansi waliolitafakari jambo hili. Mnamo mwaka wa 1996, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walianza kutumia uhalisia pepe kuwatuliza watu walioungua. Mgonjwa huvishwa miwani inayoyafunika macho na kumwonyesha ulimwengu uliobuniwa kwa kompyuta. Katika ulimwengu wao mmoja, uitwao SnowWorld, mgonjwa hupita kwenye bonde la barafu akirusha matonge ya theluji huku kidonda kikisafishwa. Mwaka wa 2000 walieleza habari za vijana wawili, wa miaka 16 na 17, waliocheza mchezo wa kawaida wa video kwa zamu na kuvaa miwani hiyo. Walipovaa miwani, maumivu yalipungua zaidi.

Siri ni nini? Maumivu hudai usikivu wa akili, na usikivu huo una mpaka. Akili ikizama kwingine, hubaki nao kidogo wa kuyapa maumivu. Hata hivyo, dawa hazikuachwa. Miwani ilikuwa nyongeza tu.

Je, tungoje miwani hiyo ifike katika kila zahanati, kuanzia Kitengela hadi Namanga? La hasha. Safari ya pili nilimwomba muuguzi ampe mtoto dawa ya kutuliza maumivu mapema, naye akakubali. Bandeji ilipoguswa nikasema, "Kitendawili!" Akajibu kwa sauti ya kutetemeka, "Tega, Mwalimu." Tulitega na kutegua hadi bandeji mpya ikafungwa. Alilia, naam, lakini mara mbili aliacha kulia ili afikiri.

Basi, walimu wenzangu nanyi wanafunzi, hatuna budi kudai dawa zitolewe kwa wakati. Na mwenzetu aumiapo, tumpe jambo la kufikiria, wala si la kumwonea haya.