Mwanga Hauchekechi, Hupepeta

Mwanafunzi wa Roret aliyewahi kuingia katika kiwanda cha chai ana mwanzo mzuri wa somo hili. Majani yakishakatwakatwa, yakachachushwa na kukaushwa, humwagwa juu ya chekeche zinazotikisika. Punje kubwa husalia juu, ndogo hupenya; ndipo zikapatikana daraja za BP1, PF1, PD na D1, kila moja na bei yake mnadani Mombasa.

Wanafizikia nao wana punje zao, ila ni za dhahabu au fedha, na upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Wapo wanaozitenga kwa ukubwa kwa kutumia leza. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba leza "huzichekecha". Hapo ndipo sisi watu wa isimu tunapopaswa kumzuia. Kuchekecha kunahitaji tundu, na mwanga hauna tundu. Mwanga husukuma, kama upepo usukumavyo makapi yarukayo kutoka katika ungo. Kitenzi chake ni kupepeta.

Si ubishi wa maneno matupu. Mwaka 1970, Arthur Ashkin wa maabara ya Bell, Marekani, alielekeza leza kwenye vijipira vya plastiki majini, navyo vikasukumwa. Vikubwa vikawaacha nyuma vidogo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 96. Katika ungo, kilicho chepesi ndicho kirukacho. Katika leza, kikubwa ndicho kitanguliacho. Chukua chembe mbili za dhahabu zilizo ndogo mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga, moja ikiwa na upana maradufu ya mwenziwe. Nguvu itokanayo na mwanga unaofyonzwa huongezeka karibu mara 8, na ile ya mwanga unaotawanywa mara 64, ilhali ukinzani wa maji huongezeka mara 2 tu. Mwanafunzi aliyefundishwa "kuchekecha" atatafuta tundu asilione. Aliyepewa "kupepeta" atauliza mbona mambo yamegeuka, na swali hilo ndilo fizikia yenyewe.

Leza huweza pia kuhamisha chembe: mpigo mmoja huyeyusha kipande kidogo cha dhahabu kilicho juu ya kioo, kikajikunja kuwa tufe na kurukia kioo cha pili.

Faida yake haiko mbali. Mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria aghalabu ni chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi. Wekundu huo hutegemea ukubwa. Chembe zikitofautiana mno, mstari nao hauaminiki.

Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mtihani wa fizikia hutungwa kwa Kiingereza. Najua pia kwamba watoto wengi wa Roret huamka na Kikipsigis. Istilahi si kikwazo kikubwa: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. (Wangapi kati yetu bado husema "madini" wakikusudia metali?) Ninachowaomba walimu ni dakika kumi kabla ya fomula: mwanafunzi aeleze, kwa lugha aiwezayo, kwa nini chembe kubwa hutangulia. Kisha Kiingereza cha mtihani kifuate.